Siku 10 Italia kaskazini: miji sita na maziwa manne, nitaweza kweli?

binti_wa_zamu:

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Naombeni msaada wa ratiba maana nimeiandika na kuifuta mpaka kichwa kinauma.

Nina miaka 22, niko Ujerumani kwenye mafunzo ya uuguzi, na hii ndio mara yangu ya kwanza kupata likizo ya siku kumi mfululizo, katikati ya mwezi wa sita. Toka nifike huku najua wodi, bweni na treni ya kwenda kazini basi. Safari hii nimeamua naenda Italia kaskazini peke yangu, nikaone ile miji na yale maziwa yaliyo chini ya milima ya Alps. Tiketi ya ndege nishakata, nashukia Bergamo naondokea Venezia, hiyo haibadiliki tena.

Nilivyopanga ni hivi, siku ya kwanza Milano, ya pili Torino, ya tatu ziwa Maggiore, ya nne ziwa Como, ya tano Bergamo na ziwa Iseo, ya sita ziwa Garda, ya saba Verona, ya nane Padova, ya tisa Venezia, ya kumi narudi. Kila siku nalala mji mwingine. Kwenye ramani yale maziwa yamekaa karibukaribu kama vidole vya mkono, nikaona si natoka hili naingia lile.

Bajeti ni euro 850, malazi, chakula na treni vyote humohumo.

Naomba mniambie ukweli kama hii inatembezeka. Na kama ni kupunguza nipunguze ziwa gani, maana kila nikisoma habari za moja naona hili siwezi kuliacha. Halafu treni, nikate zote mapema au nakata siku ileile? Na mtoto wa kike peke yake jioni kule kwenye vijiji vya ziwani na kwenye stesheni kubwa kama ya Milano kukoje? Nitakuwa na begi la mgongoni na kisanduku kidogo cha magurudumu.

mzee_wa_brescia:

Marahaba binti. Mimi niko Brescia mwaka wa kumi na moja huu, hiyo njia unayotaka kupita ndio njia yangu ya kila siku, kwa hiyo niruhusu nikuambie wazi: hiyo ratiba ni ya mzigo, sio ya mtu.

Umesema maziwa yamekaa kama vidole na umeona sawa kabisa, ila hapohapo ndipo ramani inapokudanganya. Yale maziwa yalichimbwa na barafu enzi za kale, barafu nzito zilizokuwa zinateremka toka Alps kuja kusini huku zinakwangua mabonde, ndio maana Maggiore, Como, Iseo na Garda yote ni marefu, membamba, na yote yamelala kaskazini kusini. Kati ya ziwa na ziwa kuna milima. Huwezi kuruka toka ncha ya kidole hiki kwenda ncha ya kile, inabidi uteremke mpaka kwenye kiganja ndio upande kidole kingine. Na kiganja chenyewe ni reli ya Milano kwenda Venezia, inayopita Brescia, Desenzano, Peschiera, Verona, Vicenza, Padova hadi Mestre. Kwa hiyo kila siku uliyoandika ziwa jipya, nusu ya siku hiyo utaimalizia stesheni ukiburuza kisanduku.

Mimi ningefuta Torino na Maggiore bila kuumia sana. Torino ni mji mzuri, ile makumbusho yao ya vitu vya Misri ipo toka 1824 na mtu anaweza kupotelea mle siku nzima, lakini iko magharibi na wewe unaondokea mashariki, maana yake unakwenda halafu unarudi kwa njia ileile uliyoendea. Maggiore hivyohivyo, ile Isola Bella yenye bustani za ngazi na tausi weupe inataka siku yake kamili, usiipe masaa matatu.

Pili, umeshukia Bergamo halafu unaikimbia siku ya kwanza kwenda Milano, kwa nini mwanangu? Uwanja wa ndege uko kama kilomita 5 tu toka mjini, basi la mji linakufikisha. Lala Bergamo. Mji wa juu, wenyewe wanauita Città Alta, umezungushiwa kuta za mawe zilizojengwa na Venezia karne ya 16, tangu 2017 zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia, na unapandishwa na kigari cha kamba kilichoanza 1887. Panda jioni, sio mchana. Ukikaa juu ya ukuta jua linapozama unaona tambarare yote imelala chini mpaka macho yanaishia, na kutembea ukutani hulipi hata senti. Toka hapo Milano ni treni ya chini ya saa moja, unaenda asubuhi unarudi usiku na sanduku limebaki chumbani. Vyumba vya Bergamo vina nafuu kuliko vya Milano.

Na jambo ambalo wageni wengi hawalijui: toka Bergamo kwenda ziwa Como huna haja ya kurudi Milano. Kuna reli ya Bergamo kwenda Lecco, hakikisha kwanza tu kama treni zinatembea, unabadilisha pale, ya pili inapanda kandokando ya ziwa mpaka Varenna. Ukipanda hiyo ya pili kaa upande wa kushoto.

Treni za mkoa, zile zilizoandikwa Regionale na Regionale Veloce, nauli yake haipandi hata ukikata dakika tano kabla. Zinazopanda bei ni zile za mwendo kasi, Frecciarossa na Italo. Kwa njia yako huhitaji mwendo kasi kabisa, Verona kwenda Venezia kwa treni ya mkoa ni kama saa moja na nusu, utaokoa pesa ukale vizuri.

abiria_wa_kawaida:

Mzee kamaliza kila kitu kuhusu njia, mimi naongezea kitu kimoja kilichoniuma mwaka juzi dada yangu, ili kisikukute.

Hiyo tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa haina siti wala saa maalum, kwa hiyo kuinunua tu haitoshi, lazima uigonge kwenye kimashine kilichobandikwa ukutani au kwenye nguzo pale pembeni ya reli kabla hujapanda. Kinaigonga tarehe na saa. Mimi nilikata Desenzano kwenda Verona, nikapanda mbio, nimekaa natazama shamba za mizabibu na roho yangu nyeupe, akaja mkaguzi akaipokea, akaigeuza, akaniuliza imegongwa wapi. Nilimwonyesha risiti, nilimwonyesha saa niliyonunua, nikamwambia ni mgeni, akasikiliza kwa adabu kabisa halafu akaniandikia faini iliyozidi nauli yangu mara kumi na zaidi. Watu wa behewa zima wananiangalia kama nimeiba. Kilichoniuma sio pesa peke yake, ni ile kuonekana mwizi na nauli nimelipa.

Kwa hiyo karatasi gonga. Ukinunua kwenye simu, ifungue uisome, kama ina kitufe cha check-in bonyeza kabla hujakanyaga ngazi ya treni. Na kama kimashine kibovu, usiende kukaa, mtafute mkaguzi kabla hajakutafuta wewe.

Kitu kingine ni migomo. Kule mgomo wa treni unatangazwa mapema na mara nyingi unaangukia Ijumaa, wanauita sciopero, ukiona hilo neno stesheni simama usome. Siku za kazi kuna masaa ambayo sheria inalazimisha baadhi ya treni zitembee, saa 12 mpaka saa 3 asubuhi na saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku, ukijipanga ndani ya hayo masaa hukwami. Angalia tu usichanganye saa zetu na zao, ubao ukisema 18:00 ndio saa 12 jioni, rafiki yangu alisoma 8:20 akadhani ni saa 8 yetu, akaenda kusubiri usiku.

Kuhusu jioni, vijiji vya ziwani vimetulia sana. Milano Centrale ni stesheni kubwa mno na ina watu wanaoishi kwa mifuko ya wengine, hasa kwenye mashine za tiketi, anakuja mtu anajifanya anakusaidia kubonyeza. Mwambie hapana ahsante, usimpe nafasi. Kwenye uwanja wa Duomo, lile kanisa kuu la Milano, kuna wanaokufunga kamba mkononi wakisema ni zawadi halafu wanadai hela, weka mikono mfukoni upite. Tembea na pasi yako na kadi yako ya ukaazi, halisi sio kopi, maana sisi wenye rangi hii tunaombwa hati mara nyingi zaidi, mimi nimeombwa mara tatu kwenye treni moja na wenzangu wa pembeni hawakuguswa. Ukiwa nazo mkononi inaisha dakika moja.

mama_safari:

Mdogo wangu pole na hongera kwa likizo, kazi ya wodi naijua, nimeifanya miaka mingi.

Nina moja tu la kukuambia na nitalirefusha. Ziwa usiende kulitazama mchana ukarudi mjini kulala. Lala ziwani. Wengi wanakuja Como kwa treni ya saa tatu asubuhi, wanasukumana kwenye boti, wanapiga picha Bellagio, saa kumi na moja wamepanga foleni ya kurudi Milano, wanakwambia Como ni joto na watu. Hawakuliona ziwa, wamewaona wenzao.

Mimi nilikwenda mwezi kama huo wako, na nilikuwa na uchovu wa aina hiyo unayoijua, ule ambao hata ukilala hauishi. Varenna siku mbili. Mchana nilikaa chumbani napumzika, sikujali. Ilipofika kama saa moja jioni boti kubwa za watalii zimeondoka nikateremka. Kuna kinjia cha chuma kimebandikwa kwenye mwamba juu ya maji, kinatoka gatini kinaingia kijijini, wanakiita njia ya wapendanao lakini mtu mmoja anapita vizuri tu. Nikakaa kwenye jiwe pale wanapofunga mashua. Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa mashua taratibu, tap, tap, na kuna mzee mmoja alikuwa anasafisha samaki kwenye beseni la plastiki, magamba yanamrukia mkononi, hasemi na mtu. Ng'ambo mlima ulikuwa mweusi na taa za Menaggio zinawaka moja moja. Nikakaa mpaka giza. Kitu kifuani kikashuka, sijui nikuelezeje, nililala usiku ule masaa tisa bila kushtuka.

Kesho yake nikapanda feri kwenda Bellagio, ni kama dakika kumi na tano. Ziwa lenyewe lina umbo la Y iliyopinduliwa na Bellagio iko pale miguu inapogawanyika, kwa hiyo ukisimama kwenye ncha yake unaona ziwa pande zote. Maji yake yana kina kinachozidi mita 400, ndio maana yanakaa na ule ubluu mzito na baridi yake hata kiangazi, ukiogelea ingia polepole usiruke.

Varenna ina Villa Monastero, bustani ndefu kandokando ya maji, ndani yake ndipo wanafizikia wanapokutana kwa masomo ya kiangazi, Enrico Fermi mwenyewe alifundisha pale 1954. Karibu na hapo kuna kimto kinaitwa Fiumelatte, maana yake mto wa maziwa, haya ya kunywa, maana maji yanashuka meupe pee, na urefu wake ni kama mita 250 tu toka kinapochomoza mwambani mpaka kinapoingia ziwani.

Sasa bei. Juni Varenna vyumba ni ghali, hutaweza kwa bajeti yako. Shuka stesheni moja mbele, Bellano. Ni dakika chache, watu wanaishi pale maisha yao ya kawaida, duka la mkate linafunguliwa asubuhi kwa ajili yao sio kwa ajili yako. Na wana korongo linaitwa Orrido, mto umekata mwamba na wamejenga vinjia vya kupita juu yake, maji yananguruma chini yako mpaka unahisi kwenye nyayo.

Chakula, kuna samaki wanaitwa missoltini, ni wa ziwa hilohilo, wanatiwa chumvi, wanaanikwa juani halafu wanashindiliwa kwenye kopo na majani ya bay, yale ya kiungo, wanachomwa kidogo na kumwagiwa siki. Unaletewa na polenta. Polenta ni ugali binti, ugali wa mahindi kabisa. Kwa miezi uliyokaa kula mkate mweusi, hapo utapumua.

binti_wa_zamu:

Jamani ahsanteni sana, mama nimesoma hiyo ya mashua mara mbili nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, karibu nipitilize kituo.

Sawa Torino na Maggiore nimefuta, imeuma ila nimefuta. Lala Bergamo nimeelewa, Bellano nimeelewa. Sasa nimebaki na maswali mawili. La kwanza, kama nakaa Como siku mbili, je Iseo na Garda zote ziondoke au ibaki moja? La pili, kuna rafiki yangu anasema Milano ni maduka na benki tu nisipoteze siku, bora nikae Bergamo nipumzike. Mimi nilitaka kuiona ile Karamu ya Mwisho ya Leonardo lakini nasikia tiketi hazipatikani.

jiwe_na_chokaa:

Huyo rafiki yako anaikosea Milano, niruhusu niitetee. Mimi nasomea ujenzi na nimekaa pale mwaka mmoja.

Karamu ya Mwisho iko kwenye ukumbi wa kulia chakula wa watawa, kanisa la Santa Maria delle Grazie. Leonardo aliichora kati ya kama 1495 na 1498, na hakuichora kwa njia ya kawaida ya kupaka rangi kwenye lipu mbichi, kwa sababu lipu mbichi inakausha rangi haraka na yeye alikuwa mtu wa kurudia na kusahihisha. Akapaka kwenye ukuta mkavu. Rangi haikushika, ikaanza kubanduka yeye mwenyewe angali hai. Halafu Agosti 1943 bomu likaangukia palepale, paa na ukuta wa pembeni vikaenda chini, ule ukuta wenye picha ukabaki umesimama, walikuwa wameukinga kwa mifuko ya mchanga. Ukiingia ukajua hivyo vyote unaitazama tofauti kabisa. Wanaingiza kikundi kidogo kwa dakika 15 tu, mlango unafungwa nyuma yenu ndio wa mbele unafunguka, ni kwa ajili ya kulinda hewa ya mle ndani. Tiketi zinatolewa kwa mafungu na zinaisha haraka, kwa hiyo ingia tovuti yao rasmi leo, sio kesho, na usishike siku ya Jumatatu wanafunga. Tafuta nafasi ya mtu mmoja, hizo hubaki kuliko za watu wawili au watatu, hapo kusafiri peke yako kunakusaidia.

Halafu Duomo. Ilianza kujengwa 1386. Usiishie kuingia ndani, panda kwenye paa, kama miguu yako mizima panda kwa ngazi maana ni nafuu kuliko lifti. Juu kule unatembea juu ya marumaru kati ya misitu ya minara na masanamu, na ukiweka kiganja kwenye jiwe utaona sio jeupe, lina uwaridi na mishipa ya kijivu. Jiwe lile linatoka Candoglia, machimbo yaliyo karibu na ziwa Maggiore, hilohilo ulilolifuta. Karne kwa karne walilipakia kwenye mashua, likapita ziwani, likashuka mto Ticino, likaingia mfereji wa Naviglio Grande mpaka karibu kabisa na kanisa. Yani ile mifereji ya Navigli ambapo vijana wanakaa jioni wanakunywa, ndio barabara iliyoleta kanisa. Kwa hiyo ukiwa juu ya paa la Duomo jua umekanyaga kipande cha Maggiore.

Siku moja inatosha: Cenacolo, yaani hiyo Karamu ya Mwisho, asubuhi, Duomo, pita ndani ya Galleria Vittorio Emanuele II ni bure, jioni Navigli halafu treni ya kurudi Bergamo. Usinunue maji, zile bomba za kijani za chuma mitaani zenye kichwa cha joka cha shaba ni maji safi ya kunywa, jaza chupa yako. Metro unagusa kadi ya benki getini tu, ila gusa kadi ileile unapotoka. Na kahawa kunywa umesimama kaunta kama wenyeji, ukikaa mezani bei ni nyingine.

mzee_wa_brescia:

Iseo au Garda. Binti hapa mimi nina upande, nakuambia mapema.

Garda ndilo ziwa kubwa kuliko yote Italia na lina kila kitu, na kwa sababu hiyo Juni lina kila mtu. Sirmione ni pazuri kweli, ngome imesimama ndani ya maji na ncha ya rasi kuna magofu ya jumba la Warumi katikati ya mizeituni, lakini kile kijia cha kuingilia kimoja tu na saa tano asubuhi hutembei, unasukumwa. Ziwa ni refu, boti ya kawaida toka kusini mpaka Riva kule kaskazini inakula karibu nusu siku. Kulijua Garda unahitaji siku tatu na usafiri wako.

Iseo unalimaliza kwa siku moja na roho ikatulia. Toka Brescia kuna treni ndogo inayopanda bonde kwenda Edolo, unashuka Sulzano, unateremka hatua chache, boti ya dakika chache inakuvusha Monte Isola. Ni kisiwa chenye mlima mzima, magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, wenyeji wanatembea kwa miguu au pikipiki na kuna kibasi. Unaweza kukizunguka kwa miguu kwa masaa matatu hivi, njia ni kando ya maji karibu yote. Ukipita Peschiera Maraglio na vijiji vya mbele utaona samaki wametundikwa kwenye fito wanakauka na nyavu zimeanikwa, kusuka nyavu ni kazi ya kisiwa hicho toka zamani. Mwenye pumzi anapanda mpaka kanisa la Madonna della Ceriola juu kileleni.

Mwaka 2016 msanii Christo alitandika njia ya kitambaa cha manjano inayoelea toka Sulzano mpaka kisiwani, siku 16 tu, watu wakatembea juu ya ziwa bila kulipa. Mimi nilikwenda na mke wangu usiku, tulivua viatu. Kitambaa kilikuwa na umande na chini yake kinapumua, mawimbi yanakuinua kidogo na kukushusha, mke wangu alinishika mkono hakuachia mpaka ng'ambo. Kila nikivuka kwa boti sasa naangalia palepale ilipokuwa.

Kwa hiyo lala Brescia usiku mbili, siku moja Iseo, siku ya pili tembea mjini, kuna hekalu la Kirumi katikati ya mji, na mchana unashuka Desenzano dakika ishirini hivi kwa treni uone maji ya Garda kwa macho yako, usiseme nilikunyima.

abiria_wa_kawaida:

Mzee umeshinda, japokuwa mimi ni mtu wa Garda nakubali kwa siku moja Iseo ni bora. Ila dada ukibadili mawazo ukabaki Garda, jua upepo wake una ratiba, asubuhi unavuma toka kaskazini wanauita Pelèr, mchana unageuka unatoka kusini wanauita Ora, kwa hiyo ukitaka maji yaliyolala amka mapema.

Verona shuka ukiwa njiani kwenda Venezia, sanduku acha stesheni kwa kulipia, masaa matano yanatosha kuona Arena, ule uwanja wa kale wa maonyesho, na kutembea kando ya mto Adige. Ile Arena ni ya Warumi karne ya kwanza na mpaka leo inatumika, opera inachezwa mle toka 1913 na msimu kawaida unaanza katikati ya Juni. Tiketi za bei ya chini ni za kukaa kwenye ngazi za mawe, beba kitu cha kukalia, jiwe lina joto la jua mpaka usiku wa manane. Ukiipata nafasi hiyo lala Verona, hutaisahau.

Venezia ndio itakula bajeti yako usipoangalia. Tangu 2024 kuna ada kwa anayeingia mchana bila kulala, kwa siku maalum za Aprili hadi Julai, nyingi ni Ijumaa mpaka Jumapili, ilianza euro 5 na 2025 anayechelewa kulipia akawa analipa 10. Mestre ni ndani ya manispaa hiyohiyo ya Venezia, kwa hiyo ukilala hapo hulipi hiyo ada ila unajiandikisha kwenye tovuti upate kibali, malazi yenyewe watakutoza ushuru wa kulala. Mestre mpaka Santa Lucia, stesheni ya Venezia yenyewe, ni treni ya dakika kumi na kidogo. Vaporetto, boti ya abiria, tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo tembea kwa miguu na upande mara moja tu, namba 1 inayopita Mfereji Mkuu wote. Gondola bei rasmi ya mchana ni 90 kwa nusu saa, hiyo ni ya watu wenye wenza wa kugawana. Wewe panda traghetto, ni gondola kubwa ya kuvushia watu ng'ambo ya Mfereji Mkuu kwa euro 2, ni dakika mbili lakini umepanda.

binti_wa_zamu:

Nimerudi. Nimekaa na kalamu jana usiku baada ya zamu na hii ndio imetoka: Bergamo usiku tatu, ndani yake siku moja Milano. Bellano usiku mbili. Brescia usiku mbili, moja ya Iseo, moja ya mji na Desenzano jioni. Halafu Verona nateremka njiani na Mestre usiku mbili. Padova nimeiacha pia, nimesoma ile kanisa yenye picha za ukutani za mchoraji Giotto nayo ni ya kushika nafasi mapema na kukaa robo saa tu, nikaona mbili za hivyo kwenye safari moja zitanifanya nikimbizane na saa na kukimbizana na saa nafanya kila siku kazini.

Kwa hesabu yangu vyumba vinakula kama 470, treni na boti sijafika 130 hata nikizidisha, kinachobaki nakula vizuri tu.

Na jiwe_na_chokaa sijui nikushukuruje. Niliingia tovuti ileile jioni uliyoandika, kulikuwa kumebaki nafasi moja, moja tu, Jumatano saa 2 na robo asubuhi. Mikono ilikuwa inatetemeka naandika namba za kadi. Nimepata. Itabidi niamke saa kumi na moja kule Bergamo na nitaamka.

Mama, chumba cha Bellano mwenye nyumba ameniandikia kwamba dirisha linaangalia ukuta wa jirani, ziwa halionekani. Nichukue au nitafute kingine?

mama_safari:

Chukua mwanangu. Ziwa utashuka kulifuata jioni, dirisha la ukuta linakaa baridi mchana. Beba viatu vya mpira vya kuogelea, ufuko ni mawe.